Kabla Hujatia Sahihi: Kupima Hatari ya Upasuaji na Dawa ya Usingizi kwa Mwenye Maradhi ya Tishu Unganishi

Umeambiwa Jumanne ijayo utatiwa kamera tumboni, au gego litang'olewa, au ngiri itakatwa. Umepewa fomu ya kutia sahihi na maagizo mawili: usile tangu saa sita usiku, na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani. Kwa jirani yako hayo yanatosha. Kwako wewe ambaye bega huchomoka ukigeuka kitandani, ngozi huchanika plasta ikibanduliwa, au mshipa mkuu utokao moyoni umeshaanza kupanuka, hayatoshi.

Tishu unganishi ndiyo inayoushikanisha mwili: ngozi, kano, kuta za mishipa ya damu, utumbo, hata vali za moyo. Ikiwa dhaifu kwa kurithi, kama katika Ehlers-Danlos na Marfan, au ikishambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, kama katika lupasi, baridi yabisi na skleroderma, basi kila atakayekugusa kwa kisu, mpira au sindano anahitaji kujua. Mara nyingi hajui. Marfan hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 5,000. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kwa uwiano huo tungekuwa na wenye Marfan kama 240 hapa kwetu, na wengine hawajawahi hata kuambiwa jina la ugonjwa wao. Daktari hodari kabisa anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane na mmoja. Basi akikuuliza "Hiyo ni nini?" usikasirike. Mjibu, tena uwe na karatasi mkononi.

Ninalotaka ulishike ni hili: hatari si moja. Ziko tatu. Kuna hatari ya kipimo au upasuaji wenyewe, kuna hatari ya dawa ya usingizi, na kuna hatari ya kukaa bila kufanya kitu. Kila moja hupimwa peke yake, na kila moja yaweza kupunguzwa peke yake. Unaweza kukubali kamera ukakataa usingizi mzito. Unaweza kukubali upasuaji na usingizi wake, ukakataa kufanyiwa mahali pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi. Ukiambiwa "ama ufanye ama uache", omba zile tatu zitenganishwe.

Hatua ya 1: Jua aina ya ugonjwa wako, si jina lake tu

Hapa ndipo maamuzi mengi huharibika. Mtu husema "nina Ehlers-Danlos", akasoma habari za kutisha kwenye simu, kisha akakataa kipimo ambacho kwake hakikuwa na hatari kubwa. Au kinyume chake: akaambiwa "si viungo kulegea tu?", akalala mezani na mishipa inayoweza kupasuka.

Ehlers-Danlos ina aina 13 katika mpangilio uliotolewa 2017. Inayopatikana zaidi ni ile ya viungo kulegea. Hiyo haina kipimo cha damu cha kuithibitisha; daktari hukuchunguza kwa mkono na kukupa alama za Beighton za kupima ulegevu wa viungo, ambazo ni 9 kwa jumla. Mashaka yake makubwa mezani ni viungo kuchomoka, taya na shingo kuumia, presha kushuka, na ganzi isiyoshika. Aina ya mishipa ya damu ni jambo jingine. Hiyo hutokana na hitilafu katika jeni ya COL3A1, na mshipa, utumbo au mji wa mimba unaweza kupasuka wenyewe. Kwa wenye aina hiyo, kamera ya utumbo mpana huepukwa, na vilevile mipira inayopitishwa ndani ya mishipa ya damu, ila pale uhai unapodai. Hutangulizwa picha zinazopigwa kutoka nje ya mwili: ultrasaundi, CT au MRI.

Katika Marfan, jicho liko kwenye aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni. Usikubali usingizi wa kupangwa bila eko ya moyo (picha ya moyo ya ultrasaundi) ya karibuni inayotaja kipenyo cha aota kwa milimita au sentimita. Sentensi ya "moyo uko sawa" haitoshi. Kwa wengi wenye Marfan upasuaji wa kuikinga aota hufikiriwa kipenyo kinapofika sentimita 5 hivi, kwa hiyo mwenye 3.8 na mwenye 4.8 si wagonjwa wa namna moja. Pia utando unaozunguka uti wa mgongo huweza kupanuka kwa chini, na sindano ya ganzi ya mgongoni ikashika nusu tu au isishike. Mwambie daktari wa nusukaputi, yaani wa dawa ya usingizi, mapema, hasa mama mjamzito anayetarajia kupasuliwa.

Kwa baridi yabisi ya muda mrefu, la kuangalia ni shingo: pingili mbili za juu zinaweza kulegea, na kichwa kikivutwa nyuma ili mpira upitishwe kooni, uti wa mgongo ukabanwa. Skleroderma hukaza ngozi ya mdomo na kuleta kiungulia kikali, na kiungulia kwa aliyelala usingizi ni hatari ya matapishi kuingia mapafuni. Lupasi hugusa figo na wakati mwingine kuganda kwa damu.

Hujui aina yako? Tazama ukoo. Je, kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, aliyepasuka utumbo bila ajali, au mama aliyepasuka mji wa mimba? Vitabu hutaja pia ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa kifuani, lakini hiyo ni dalili rahisi kuiona kwa mtu mweupe; kwa ngozi zetu inaweza isionekane kabisa, na kutoonekana kwake hakumaanishi haipo. Kipimo cha jeni huchukuliwa kwa damu au mate, na kwa kawaida sampuli hupelekwa nje ya nchi. Kama ukoo una historia hiyo na kamera au upasuaji uliopangiwa unaweza kungoja, ungoje majibu ya jeni. Kama hauwezi kungoja, omba uhudumiwe kama mwenye aina ya mishipa mpaka ithibitike vingine.

Hatua ya 2: Uliza majibu yatabadilisha nini

"Daktari, naomba kuuliza. Mkikuta kitu, mtafanya nini? Na msipokuta?"

Kama jibu ni kwamba utapewa dawa ileile kwa vyovyote, basi hatari ya kipimo haina cha kuizidi upande wa pili. Kama jibu ni kwamba saratani itaonekana mapema au damu inayovuja itazibwa, mizani imegeuka.

Chukua mama wa makamo kutoka Kisauni, ana aina ya viungo kulegea, tumbo la juu linamwuma na kuungua miezi kadhaa. Hajapungua uzito, hatapiki damu, choo si cheusi, anameza vizuri, damu yake haijapungua. Kabla ya kamera, anaweza kuuliza kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo kwa choo au kwa pumzi. Hakuna sindano wala usingizi. Sharti ni kuacha vidonge vya kupunguza asidi kama omeprazoli wiki 2 kabla, na kukaa wiki 4 bila antibiotiki, la sivyo kipimo kinaweza kusema hakuna na kumbe wapo. Wakipatikana anatibiwa, na huenda kamera isihitajike. Lakini mama huyohuyo akianza kupungua uzito, kukwama chakula kooni au kupata choo cheusi kama lami, ningemsihi asikimbie kamera. Kwake yeye hatari ya kutojua sasa ndiyo kubwa.

Chukua sasa kijana wa Likoni mwenye aina ya mishipa, ameona damu kidogo chooni. Kwa mtu mwingine daktari angeandika kamera ya utumbo mpana bila kusita, na kwa watu kwa jumla utumbo hutobolewa kwa chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Ukitajiwa hesabu hiyo, kumbuka imetokana na watu wenye utumbo wa kawaida. Si yako. Kijana huyu aanze na uchunguzi wa nje wa njia ya haja, hesabu ya damu, kipimo cha choo na picha ya CT au MRI. Hata ile CT ya utumbo inayohitaji kujazwa hewa si salama kabisa kwake, kwa hiyo aulize kama hewa itatumika.

Jambo moja hukosewa sana: vipimo vya kuganda kwa damu vinaweza kutoka sawa kabisa kwa mtu anayechubuka kwa kuguswa. Damu yake inaganda vizuri; ukuta wa mshipa ndio dhaifu. Basi "damu yako iko sawa" si sababu ya kutopanga tahadhari. Nalisema hili hasa kwa wazazi wenye mtoto wa kiume anayechubuka ovyo na ambaye vidonda vyake huacha kovu pana lenye ngozi nyembamba na mikunjo. Kabla ya kumtahiri, aonwe na daktari, na kazi ifanyike hospitali. Shughuli yaweza kusogezwa mbele.

Hatua ya 3: Tenganisha usingizi na kipimo

Watu husema "nitachomwa sindano ya usingizi" kana kwamba ni kitu kimoja. Wataalamu huhesabu ngazi nne. Ya kwanza, umetulizwa tu, unaongea. Ya pili, unasinzia lakini ukiitwa au kuguswa unaitika, na unapumua mwenyewe. Ya tatu, usingizi mzito. Kuamka ni mpaka uguswe sana, na pumzi huenda ikahitaji msaada. Ya nne ni nusukaputi kamili, hujui lolote, na mara nyingi mpira hupitishwa kooni. Uliza: "Mnanipangia ngazi gani, na nani atakuwa anaangalia pumzi yangu?" Swali la pili ndilo zito. Mtu anayekutia kamera hawezi wakati huohuo kuwa ndiye anayelinda pumzi yako. Lazima awepo mwingine ambaye kazi yake ni hiyo.

Kwa nini usingizi ukuguse wewe tofauti? Midazolamu na fentanili hupunguza pumzi. Propofoli hushusha presha, na wewe ambaye ukisimama moyo huenda mbio na macho huingia giza unaanza ukiwa tayari huna akiba. Ketamini, ambayo hutumika sana kwetu kwa kuwa haizimi pumzi kirahisi, hupandisha presha na mapigo ya moyo. Kwa mwenye aota iliyopanuka au mishipa dhaifu hiyo si nyongeza ya kupuuzwa, hata kidogo. Midazolamu ina dawa ya kuitengua, flumazenili. Fentanili na pethidini zina naloksoni. Si kosa la adabu kuuliza kama ziko chumbani. Propofoli haina, na ndiyo sababu inahitaji mtu aliyefundishwa nusukaputi na vifaa vya kukupumulisha karibu.

Kamera ya tumbo la juu huchukua dakika 5 hadi 10 tu, na inawezekana kufanywa ukiwa macho, koo limepuliziwa dawa ya ganzi. Haipendezi, utahisi kutapika na koo litahisi limevimba. Lakini ukiwa macho unaweza kuinua mkono shingo ikiuma, na presha yako haishushwi na dawa. Kwa wenye viungo kulegea wengi ningesema ni jambo la kufikiriwa kwa dhati. Kwa mwenye aina ya mishipa, kutapika kwa nguvu huku amebanwa ni hatari pia, na daktari anaweza kuona heri utulizwe vizuri. Mnaona, jibu linarudi kwenye aina yako.

Kuhusu ganzi: wengi wenye Ehlers-Danlos husema lignokaini haiwashiki au huisha mapema, na mara nyingi hugundua kwenye kiti cha daktari wa meno. Wakiambiwa "ni woga tu", hunyamaza na kuvumilia. Usivumilie. Mwambie kabla hajaanza, umwombe angoje zaidi ya kawaida, kisha ajaribu kwa ncha ya kifaa kabla ya kung'oa. Anaweza kubadilisha aina ya ganzi au njia ya kuichoma. Hawezi tu kuongeza na kuongeza: lignokaini isiyo na adrenalini haipaswi kuzidi miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mwili, yaani kama miligramu 270 kwa mtu wa kilo 60. Ikiwa ganzi imeshindikana, kupanga siku nyingine na dawa nyingine ni bora kuliko kushikwa mikono. Na kama una matatizo ya aota au moyo, sema kabla hajachagua ganzi yenye adrenalini. Kama una vali ya bandia, uliza antibiotiki ya kabla ya kazi ya meno.

Hatua ya 4: Andika ukurasa mmoja

Mmoja tu. Faili la kurasa arubaini halisomwi na mtu aliyesimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Juu kabisa andika jina la ugonjwa na aina yake, na kama imethibitishwa kwa jeni. Chini yake: eko ya mwisho na kipenyo cha aota, viungo vinavyochomoka na upande gani, mdomo unafunguka kiasi gani. Hilo la mdomo jipime mwenyewe: vidole vyako vitatu, vimepangwa kwa wima, vinaingia kati ya meno ya juu na ya chini? Taya hulia au kutoka mahali pake? Shingo ikiinamishwa nyuma unapata ganzi mikononi au kizunguzungu? Andika. Kisha dawa zote, mzio, plasta ipi huchana ngozi yako, ganzi ipi ilishindwa, usingizi gani ulikuletea shida zamani. Mwisho, namba ya mtu wako wa karibu na ya daktari anayekujua.

Andika kwa Kiingereza kama unaweza, au umwombe kijana nyumbani akusaidie, kwa sababu noti za hospitali zetu huandikwa kwa lugha hiyo. Lakini maelezo unayopewa wewe ni haki yako uyapate kwa lugha unayoielewa. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, njia zilizopo, faida, hatari na gharama, na haki yako ya kukataa. Wazee wetu huona haya kumwuliza daktari. Kama ni mama au babu yako, ingia naye, umwamkie daktari vizuri, kisha uulize kwa niaba yake.

Hatua ya 5: Onana na mtu wa nusukaputi kabla ya siku

Mara nyingi mgonjwa humwona daktari wa nusukaputi dakika chache kabla ya kulazwa mezani, keshavuliwa nguo na kutiwa sindano ya maji. Hapo hakuna cha kujadili. Omba miadi siku kadhaa kabla. Katika hospitali zetu anayetoa nusukaputi anaweza kuwa daktari bingwa, au afisa wa kliniki au muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Wapo maafisa hodari sana, lakini kwa aina ya mishipa, aota iliyopanuka, shingo isiyo imara au mdomo usiofunguka, ulizia daktari bingwa. Leseni ya daktari unaweza kuiangalia mtandaoni kwenye daftari la KMPDC, baraza linalosajili madaktari nchini Kenya.

Mahali nako ni sehemu ya hatari. Kliniki ndogo ya mtaani yaweza kufaa kwa jino moja. Kwa mwenye mishipa dhaifu, chagua hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, akiba ya damu na daktari wa upasuaji anayepatikana siku hiyohiyo. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu twaiita Makadara, ndiyo ya rufaa kwa kaunti zote sita za Pwani. Kisha zipo za binafsi kama Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital. Kokote uendako uliza swali moja waziwazi: "Mshipa au utumbo ukipasuka, mnanitibu hapa au mnanipeleka Nairobi?" Nairobi ni karibu kilomita 480 kwa barabara. Kama jibu ni Nairobi, na kipimo si cha haraka, pengine ni heri ukifuate hukohuko tangu mwanzo.

Uliza pia mapema kama SHA (mamlaka ya bima ya afya ya taifa) au bima yako inalipia miadi ya nusukaputi kando na upasuaji, ili usije ukagundua kwenye dirisha la malipo.

Hatua ya 6: Dawa unazomeza, na zile usizoziita dawa

Usiache yoyote kwa uamuzi wako. Aliyemeza predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuzimia mezani, kwa kuwa mwili umeshazoea kutojitengenezea steroidi yake. Huyo huenda akahitaji hata kuongezewa. Atenololi na dawa za jamii yake, zinazopunguza mapigo ya moyo, kwa kawaida huendelea hadi asubuhi ileile. Losatani, dawa ya presha, mara nyingi husimamishwa siku hiyo kwa sababu hufanya presha ishuke sana chini ya usingizi. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ina mpango wake wa siku kadhaa, na daktari wa moyo ndiye aupange.

Taja pia habasoda, vitunguu saumu vya vidonge na dawa za miti. Taja muguka na miraa. Hakuna polisi hapo. Ni kwamba vinaendesha moyo mbio na kupandisha presha, na anayekulaza anahitaji kujua ili asihesabu vibaya.

Na ukipewa antibiotiki baada ya kazi, tazama isiwe siprofloksasini wala nyingine ya jamii yake kabla ya kuuliza. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba dawa za jamii hiyo zinaweza kuongeza hatari ya aota kupasuka, na ikawataja waziwazi wenye Marfan na Ehlers-Danlos kuwa wasipewe isipokuwa hakuna nyingine. Kwenye maduka ya dawa ya mitaani inauzwa kama peremende. Iandike kwenye ule ukurasa wako mmoja.

Hatua ya 7: Kufunga, bila kukaukiwa

"Usile wala kunywa tangu saa sita usiku" ni agizo la jumla linalorahisisha kazi ya wodi. Miongozo inayotumika duniani kwa mtu mzima asiye na shida ya tumbo kuchelewa kusaga ni hii: chakula kizito chenye mafuta saa 8 kabla, chakula chepesi au maziwa saa 6, na vinywaji vyepesi vinavyopitisha mwanga, yaani maji au chai ya rangi isiyo na maziwa, hadi saa 2 kabla. Tofauti ni kubwa. Ukifunga tangu usiku, ukaitwa saa nane mchana, umekaa saa kumi na nne bila tone la maji katika joto la Mombasa la mwezi wa tatu. Kwa mwenye presha inayoshuka, hiyo yenyewe yatosha kumwangusha kabla hata dawa haijaingia.

Kwa hiyo omba uwe wa kwanza asubuhi. Omba ruhusa, kwa maandishi, ya kunywa maji hadi saa 2 kabla. Kama foleni itachelewa, omba maji ya mshipani. Mwenye skleroderma au kiungulia kikali asijipangie mwenyewe. Kwake tumbo halimwagi upesi, na anaweza kutakiwa kufunga zaidi. Kama ni kamera ya utumbo mpana, dawa ya kusafisha tumbo igawanywe jioni na asubuhi, na mwenye lupasi ya figo aepuke ile ya fosfeti. Kama kipimo si cha haraka, usikipange ndani ya Ramadhani ukiwa umeshadhoofika kwa funga.

Hatua ya 8: Mezani

Hina na piko. Bibi harusi au aliyetoka kwenye harusi aangalie hili: kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni hufanya kazi kwa mwanga kupenya kidole, na rangi nyeusi ya piko inaweza kuuzuia. Acha kidole kimoja au viwili bila rangi, au uwakumbushe waweke kibano kwenye ndewe ya sikio. Piko nyingi pia zina kemikali inayounguza ngozi, na ngozi yako haihitaji jaribio hilo.

Jilaze mwenyewe ungali macho. Waambie, "Naomba nijiweke kabla hamjanilaza usingizi." Mkono usining'inie ukingoni, goti liwe na mto chini, shingo iwe sawa na mgongo. Ukishalala misuli hulegea yote, na hakuna kinachoshikilia bega mahali pake isipokuwa mto na umakini wa wauguzi. Waombe wasikuvute kwa mkono au kwapa wakikuhamisha, bali kwa shuka.

Plasta ya karatasi au ya silikoni badala ya ile ngumu, na ibanduliwe taratibu kwa kuloweshwa. Nyuzi ziwe karibukaribu, zisikazwe sana, na zikae muda mrefu kuliko kawaida. Mkiagana mjue tarehe ya kutolewa, na isiwe ile ya wagonjwa wote.

Hatua ya 9: Saa 24 za kwanza

Usiendeshe gari, usipande bodaboda, usitie sahihi karatasi yoyote ya mali. Anayeishi Likoni asivuke feri kwa miguu katika msukumano wa jioni. Apande gari au tuktuk, na mtu wake awe upande wa kiungo kibovu. Usile mpaka ganzi ya koo iishe, kama saa moja.

Rudi hospitali usiku uleule, bila kungoja asubuhi, ukiona tumbo gumu linalouma kuzidi, homa, matapishi ya damu au choo cheusi, shingo iliyovimba na kulia chini ya vidole, au maumivu ya kuchana kifuani yanayokwenda mgongoni. Pale mapokezi sema jina la ugonjwa kabla ya kusema maumivu, kisha utoe ukurasa wako. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura; malipo yasiwe sababu ya kukuketisha kwenye benchi.

Ukipata nafuu, rudi uombe nakala ya karatasi ya nusukaputi: dawa gani ulipewa, kiasi gani, presha ilishuka hadi wapi, mpira ulipita kwa urahisi au kwa shida. Ipige picha ibaki kwenye simu yako na ya mtu wako wa karibu, na uongeze mstari mmoja kwenye ule ukurasa. Kama ugonjwa wako ni wa kurithi, wapelekee nakala ndugu zako wa tumbo moja na wanao, kwa maana nao wataketi kwenye kiti cha daktari wa meno siku moja.